Baba wa Ukutani

"Nyinyi wote humu, baba zenu wako ardhini. Wangu yuko ukutani, na bado anaruka."

Ebenyo aliyasema hayo kwenye harambee ya mabati ya kanisa, hapa Lodwar, akiwa ameshika maikrofoni kutangaza mchango wake wa shilingi mia mbili. Kutusimanga sote kwa mia mbili, nadhani alipata kwa bei nafuu.

Baba mwenyewe hakuwahi kumwona. Mzee alikufa Ebenyo akiwa tumboni, na bomani kwao hakuna aliyemiliki kamera. Alichoachiwa ni jina tu: Apaloreng, yaani mwenye Loreng, dume jekundu la ng'ombe. Kwetu mwanamume huitwa kwa dume lake alipendalo, na akicheza edonga, ngoma yetu ya kuruka, huinua mikono kuonyesha pembe zake.

Akakua, akawa mlinzi wa ofisi moja ya misaada kule Lokichoggio. Ofisi ilipofungwa, kila mfanyakazi aliambiwa achague kitu kimoja. Wenzake wakabeba magodoro, mmoja jenereta. Ebenyo alipewa nafasi ya friji, akaiacha, akachukua picha: mchoro wa zamani uliochorwa na Mzungu fulani, ukionyesha mcheza ngoma wa Kiturkana kwa mistari sita au saba ya wino, hana macho wala pua, shuka lake doa moja jekundu. Chini imeandikwa 1964. Doa hilo ndilo lililommaliza: jekundu kama Loreng, basi ndiye baba.

"Kwa hiyo maziwa nitayaweka ndani ya baba yako?" mkewe Abei alimuuliza.

Ebenyo alikuwa tayari anang'oa kalenda tatu na vitambaa ambavyo Abei alivifuma kwa mikono yake, eti vinambana mzee. Ukuta mmoja akaupaka rangi nyeupe. Kuta tatu zikabaki na masizi yake. Kochi akaligeuza, mgeni akikaa tu amtazame baba. Miaka ikapita Abei akitunywesha maji yaliyopashwa na jua, friji hakuna, nasi tukimtazama mzee.

Mwaka jana akaja shangazi yake, Nakeno, kutoka Kaaleng. Ni dada ya marehemu, na ndiye pekee aliyebaki hai wa kumkumbuka. Ebenyo akachinja mbuzi, akaita majirani wote washuhudie. Tulifika mapema, kwa ajili ya ushahidi na maini.

"Ejok, Shangazi," Ebenyo akamsalimu, akaelekeza kidole ukutani. "Umemtambua?"

Bibi alitafuna tumbaku yake bila haraka. "Nimemtambua."

Ebenyo akatugeukia kama mtu aliyeshinda kesi.

"Ni Adome," bibi akamalizia.

"Shangazi, angalia shuka. Jekundu. Loreng."

"Wewe umekulia mjini, unaangalia rangi. Angalia mikono." Akainua yake miwili, mifupa mitupu. "Pembe za Loreng zilipanda zote, hivi. Huyu mkono mmoja uko juu, mwingine umeshuka shavuni. Dume la pembe hizo upande wetu lilikuwa moja, la Adome. Tulipomzika baba yako, ng'ombe wake tulimwachia Adome awatunze mpaka ukue. Umewahi kuona hata ndama?"

Hakuwahi. Mama yake alimlea kwa kuchoma makaa na kuuza.

"Na leo umemchinjia mbuzi," Abei akasema pale mlangoni. "Mbuzi wangu."

Hakuna aliyecheka, na sisi si watu wa kujizuia.

Ebenyo akakaa kwenye lile kochi. "Shangazi, baba alikuwa na sura gani?"

"Sura imenitoka, mtoto wa kaka yangu. Nakumbuka pembe."

Lodwar asingeweza kuiuza picha ile. Nani hapa hakuwa amesimangwa? Akaifunga kwenye gunia, akapanda lori hadi Kakuma, sokoni kwenye kambi ya wakimbizi, kwa Nyaruach, mama wa Sudan Kusini anayeuza vyombo vilivyotumika.

"Mzee, huyu ni nani?" Nyaruach akamuuliza.

"Simjui."

Nyaruach akagonga kioo kwa kucha, akageuza fremu, akaikunjua misumari ya nyuma mmoja mmoja. Mchoro akauchomoa, akamrudishia. Alichonunua ni fremu na kioo. Shilingi mia nne.