Nilipanua diski, kumbe ya mashine ingine

Leo nilitaka ardhi inimeze mbele ya biro nzima.

Mi njo nachunga maordinateur ya depot moja ku kartie Naviundu. Asubui, machine virtuelle (ni kama ordinateur ndani ya ordinateur) yenye inatoa bafacture ilisimama: diski imejaa. Na camion yetu iko ku mupaka, Kasumbalesa, chauffeur anangojea facture.

Papa Kambale, patron wetu, akaniuliza: «Utaweza?»

«Papa, hii njo kazi yangu.»

Nikapanua partition, kile kipande ya diski. Nikapanua na volume logique yenye iko ndani yake. Hakuna kosa hata moja. Nikaita bantu bote bakuye kuona.

Ecran ya bafacture ikasema tena: diski imejaa.

Papa Kambale akaniangalia pole pole. «Sasa ile nafasi umeongeza, iko wapi?»

Nikasoma jina ya mashine pale juu. Kumbe nilikuwa mu mashine yangu ya mazoezi, yenye haina kitu. Sasa njo iko na nafasi kupita zote.

Nikaanza tena, mu mashine ya kweli, jasho inatoka. Facture ikatoka.

Kisha chauffeur akapiga simu, sauti yake inasikika biro nzima: «Ndugu yangu, Mungu akubariki, uko muntu wa akili.»

Biro yote ikaniangalia.

Nikajibu tu: «Amina.»

Benye mambo kama hii ilishabafikia, musiniache peke yangu, muandike yenu mu commentaires apa chini.