Hita Haikulia

Tik. Niliisikia kabla sijaona chochote, kwa sababu karakana ile ya Nakuru haikuwa na dirisha nami nilikuwa nimetoka juani. Ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini. Macho yalipozoea giza nikamwona Msimamizi akiinua hita ya umeme na kuiweka chini. Tik. Tik.

"Umesikia, msichana? Huku chini kuna swichi ndogo kama kifungo cha shati. Hita ikisimama, inabonyea, stima inapita. Ikianguka, inachomoka, stima inakatika. Usimrudishie mtu hita kabla hujaisikia ikilia."

Nilikuja kuhamishiwa tawi letu la Molo, kwenye baridi yenyewe, chini ya Meneja aliyevaa kofia ya sufu hadi ofisini. Kila Julai watu walituletea hita nzima kabisa.

"Imeharibika," mama mmoja aliniambia. "Nikiilaza, inazima."

"Unailaza ya nini?"

"Si nianike nepi juu yake? Zitakauka lini na ukungu huu?"

Ndivyo tulivyo. Moto kwetu ni jiko, na jiko hutazama juu. Basi tunachukua hita iliyoundwa isimame, tunailaza chali na kuitandazia nguo mbichi kama tunachoma mahindi. Nguo ikishika moto, godoro linafuata. Swichi ikikataa, tunaiita mbovu!

Meneja alikuwa na dawa yake: kipande cha waya. Unang'oa swichi, unaunganisha ncha mbili za nyaya zake, na stima inapita hata hita ikiangukia blanketi.

"Mimi siungi," nikamwambia.

"Mteja ameomba, mama. Wewe ni fundi ama ni pasta?"

"Ni fundi. Ndiyo maana siungi."

Akampa fundi wa meza ya pili. Yule aliunga huku akipiga mluzi, na mpaka leo natamani kuukaba mluzi ule kooni.

Nimestaafu sasa, naishi Lanet, lakini hasira haikustaafu. Jumapili iliyopita mchana nilikwenda kumwona mjukuu wangu mchanga. Hita ilikuwa imelazwa chali kando ya kitanda chake, nepi zikiwa juu, imechomekwa kwenye ekstensheni moja na televisheni na friji. Nepi moja ilishageuka rangi ya chai. Nikazima ukutani, nikaiinua hita, nikaiweka chini.

Kimya.

"Nani ameunga swichi hii?"

"Kuna fundi hapo steji, Mum, ni mpoa," akasema mwanangu Kiprono. "Ilikuwa inajizimazima."

"Ilikuwa inakulindia mtoto!"

"Umeanza. Hiyo kazi si uliacha?"

Nikachomoa plagi, nikakunja waya wake, nikaikwapua hita. Mkewe alinitazama, mtoto kifuani.

"Nepi anikeni kwenye kamba, hata zikikaa siku mbili," nikawaambia. "Hita nitairudisha ikilia. Itasimama mbali na kitanda, kwenye soketi yake peke yake, na mtaizima kabla ya kulala."

"Na leo tulale na baridi, Mum? Na mtoto?"

"Mfunikeni vizuri. Mtalala na baridi, na mtaamka."

Nikatoka na hita kwapani. Kiprono akaubamiza mlango nyuma yangu.