Kelele Aliyoisikia Mwalimu Breki

Kila Jumamosi saa tatu asubuhi nilisikia honi mbili fupi mlangoni pa gereji yangu. Wala sikuinua kichwa. Nilijua ni Mwalimu Breki, na nilijua atakachosema.

"Fundi, kuna kelele naisikia."

"Kelele gani tena, Mwalimu? Wiki iliyopita si nimelikagua gari zima?"

"Ipo. Ukiingiza gia ya tatu inalia kwa chini. Shika usukani, mimi nisikilize."

Basi nanawa mikono huku nanung'unika, napanda. Tunashuka hadi makutano, tunapita nyuma ya shule, tunarudi. Kelele hakuna! Mwalimu anatikisa kichwa na kusema leo imejificha. Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi, nikamwambia siku moja kwamba angekuwa mgonjwa, daktari angeshamfukuza. Alicheka sana. Jumamosi iliyofuata, honi mbili.

Miaka ishirini na sita alifundisha watu kuendesha katika gari lile dogo la rangi ya krimu. Lilikuwa na pedali pande zote mbili: za mwanafunzi chini ya usukani, na klachi na breki nyingine upande wa abiria, alikokaa yeye. Raba ya breki yake ililika mpaka chuma kikachungulia, wakati ile ya dereva bado ilikuwa na mistari. Ndiyo maana wanafunzi wakampa jina lile. Hakuwa mtu wa kufoka. Ukikosea, gari linasimama lenyewe, naye anasema taratibu, "Tuanze tena, mwanangu." Nusu ya madereva wa mji huu wamepita kwake. Wakishapata leseni wanampigia honi wiki ya kwanza, ya pili wanampungia mkono, baada ya hapo kila mtu na hamsini zake.

Siku hizi nani anataka kujifunza gia za mkono? Watu wanataka gari la otomatiki, wakanyage waende. Mwanafunzi wake wa mwisho alifaulu kabla ya mvua, na hakuja mwingine. Mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki miaka minne nyuma. Mwanawe yuko mbali, na kila akipiga simu ni wimbo ule ule: Baba, uza hilo gari upumzike.

Na mimi nikawa namwitikia, nakiri. Nilimwambia Mwalimu kwamba gari limekula chumvi nyingi, kutu imeingia sakafuni, spea zake nazitafuta kama sindano, auze lingali linatembea. "Kwani sasa linakufanyia nini?" nilimuuliza.

Alikuwa anafuta kioo ambacho tayari kilikuwa safi. "Linanitoa nyumbani," alisema.

Nikamjibu kwamba hata miguu humtoa mtu nyumbani. Nilijiona mjanja kweli.

Mnunuzi nilimtafuta mwenyewe, mama mmoja muuza mayai, mchangamfu, mdomo haumkauki. Gari alilipenda kuanzia taa hadi buti. Pedali za upande wa abiria tu ndizo hakuzitaka. "Hapo ndipo pa kuweka trei zangu," alisema. "Zitoe, fundi. Tangu lini mayai yakakanyaga breki?" Tulicheka, mimi na yeye. Mwalimu hakucheka. Aliomba siku tatu za kufikiri.

Siku ya tatu alikuja, akanikabidhi funguo. "Zitoe," alisema. Alikaa juu ya tairi kuukuu akinitazama nikilegeza nati. Klachi ilitoka upesi. Breki iligoma, ikabidi niipige nyundo, na kila nilipopiga yeye alifumba macho. Ilipotoka nikamuuliza kama angependa kubaki nayo.

"Nibaki nayo nimfungie nani breki?" alisema, akaondoka kwa miguu.

Jumamosi ikafika. Saa tatu, kimya. Safari hii niliinua kichwa, nikatazama mlangoni mara mbili tatu. Jumamosi ya pili vile vile. Nilikuwa chalichali chini ya gari la mteja, spana mkononi, ndipo akili ikanirudi. Gia ya tatu! Lo, mjinga mimi! Kelele haikuwahi kuwepo. Mzee wa watu alikuwa anatafuta mtu wa kukaa naye garini robo saa, nami nikamtafutia mnunuzi. Roho iliniuma, nikajitukana kwa sauti, hadi mteja akadhani namtukana yeye.

Nilimwomba radhi, nikafunga gereji, nikaenda kwa Mwalimu na pikapu yangu. Nikapiga honi mbili fupi. Alifungua mlango, shati limepigwa pasi na kufungwa vifungo hadi shingoni. Nyuma yake niliona meza yenye kiti kimoja, kikombe kimoja, na kile kibao cha "Mwanafunzi" alichokuwa akikifunga juu ya gari, kimeegemezwa ukutani.

"Mwalimu, kuna kelele naisikia kwenye gari langu."

"Kelele gani?"

"Gia ya tatu. Inalia kwa chini."

Akarudi ndani kuchukua kofia, akapanda upande wa abiria. Tukashuka hadi makutano. Kabla sijawaza kupunguza mwendo, mguu wake wa kulia ulikanyaga kwa nguvu. Ulikanyaga mkeka mtupu. Nikafunga breki mimi, tukasimama, naye akabaki anautazama ule mguu.

"Samahani," alisema. "Mguu haujui kama nimeuza."

Niliingiza gia, ya pili, ya tatu, tukapita nyuma ya shule, na pikapu ilikuwa imetulia, hailii popote.

"Umeisikia?" nilimuuliza.

Aligeukia dirishani, kofia ameishika kwa mikono miwili.

"Kwa mbali," alisema. "Tuanze tena, mwanangu."