Moraa anavyojitandikia bunduki, fundi akitazama

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, mtaa wa Kingstanding kaskazini mwa Birmingham. Moraa Ombati amesimama mbele ya meza ya jikoni, bisibisi mkononi, anaitazama bunduki yake kama mama anavyomtazama mtoto aliyekataa kuamka kwenda shule.

Bunduki haina risasi, na komeo lake, kile chuma kinachoisukuma risasi ndani ya mtutu, limefungiwa kwenye kabati la chuma ghorofani. Kilichopo mezani ni mtutu na mwili wa chuma, vimelala ndani ya kitako cha mbao. Kati ya chuma na mbao kuna gundi aliyoipaka jana asubuhi. Sasa imekauka, na ni lazima chuma kitoke ndipo ijulikane kama kazi imekubali.

Karibu na mlango ameketi Gurvinder Singh na kikombe cha chai ya maziwa. Ni fundi wa bunduki, mzaliwa wa Nakuru, na mikono yake imezeekea kazi hiyo hapa Birmingham. Hakuitwa kusaidia.

"Mimi nimekuja mazishini," anasema.

"Karibu, Mzee," Moraa anamjibu bila kugeuka. "Chai iko, maiti hakuna."

Wawili hawa wana mapatano. Chuma kikitoka salama, Gurvinder hatamwambia tena kwamba kazi hii si ya wanawake wa hospitali. Kikigoma, bunduki inaenda kwenye karakana yake leo hii, Moraa analipa, na maneno yanaisha. Ila kikigoma, bunduki haitakuwa tayari kesho, na kesho klabu yao ya shabaha inachagua timu ya watu wanne. Watatu wanajulikana. Nafasi ya nne inagombewa na Moraa na kijana anayeitwa Oliver.

Kwa asiyejua, ugomvi wenyewe ni huu. Bunduki ya shabaha ikicheza ndani ya kitako chake, hata kwa unene wa karatasi, risasi hazirudi mahali pamoja. Dawa yake ni kutandika gundi ngumu ndani ya mbao, kisha kukilaza chuma juu yake mpaka gundi ishike umbo lake. Unaweza kumlipa fundi, au unaweza kujitandikia mwenyewe na kuomba Mungu. Kila klabu ina watu wa pande zote mbili, na hawaazimani sukari.

Moraa alianza upande wa walipaji. Mwaka jana alipeleka bunduki kwa fundi mmoja nje ya jiji, si Gurvinder. Alilipa pauni mia mbili na themanini, akasubiri miezi mitano. Ilirudi ikitawanya risasi vilevile.

"Nilimpigia simu. Akaniambia bunduki iko sawa, labda tatizo ni bega langu," anasimulia. "Hakuwahi kuniona nikilenga. Hilo bega alilijulia wapi?"

Pesa hizo si mchezo kwa mtu anayepata takriban pauni elfu moja na mia tisa kwa mwezi na ana karo ya watoto wa dada yake huko Keroka. Lakini ukimsikiliza vizuri, si pesa zilizomchoma. Ni bega.

Moraa, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu, hufunga plasta. Ndiyo kazi yake katika hospitali kubwa upande wa Harborne: ukivunjika mkono au kifundo cha mguu, yeye ndiye anayekuviringishia bandeji laini, kisha plasta, akikupigia hadithi usijue umeshikwa wapi. Muuguzi mwenzake ndiye aliyemkaribisha klabuni siku ya wageni. Alikwenda kwa ajili ya keki, akarudi na fomu.

"Nyumbani nilijua bunduki ni ya askari anayelinda benki, na yeye mwenyewe anasinzia," anasema. "Hapa nilikuta akina mama wamelala kifudifudi, kimya kabisa, wanatoboa karatasi. Nikasema huu ndio usingizi wangu."

Kwa kuwa kila siku anashika vitu vinavyolowa na kukauka, aliona kujitandikia bunduki ni kama kazi ya Jumatatu. Hapo ndipo alipoumia.

Plasta nzuri hukumbatia kila pembe, isiache nafasi ya mfupa kuteleza. Basi mara ya kwanza, mwezi uliopita, Moraa aliishindilia gundi kila penye tundu: kwenye skrubu, kwenye mikato ya chuma, kote. Akapaka rangi ya viatu juu ya chuma ili kisishike, kama wengi wafanyavyo, akalaza, akaifungia bunduki kabatini, akaenda zake kazini akipiga mluzi.

Chuma hakikutoka. Gundi ilikuwa imeingia matunduni na kujifunga humo kama kucha.

"Nilisahau kitu kimoja," anasema. "Plasta ikikataa, ninaikata kwa msumeno. Bunduki ningeikata kwa kitu gani?"

Alimpigia Gurvinder, ambaye kwanza alicheka, akaomba radhi, akacheka tena. Kisha akampa dawa: aiweke kwenye friza, chuma kinywee kwa baridi. Samaki wakatolewa, bunduki ikaingia mshazari, na Moraa akaketi juu ya kifuniko. Sheria hairuhusu bunduki iachwe bila mwenye cheti cha kumiliki bunduki kuilinda, na mumewe, Njoroge, hana cheti.

Ilikuwa Jumapili. Kina mama wa chama chao walipita kumjulia hali kwa kuwa hakuonekana kanisani. Walimkuta juu ya friza na blanketi mabegani, samaki wamejaa kwenye sinki.

"Hawakuuliza," anasema Njoroge, dereva wa basi na shahidi wa mambo mengi. "Waliomba tu. Waliomba sana."

Jioni chuma kilitoka, na kibanzi cha mbao cha ukubwa wa kidole. Moraa alikibandika palepale. Kovu lake linaonekana mpaka leo, na amekataa kulipiga msasa.

"Acha kila mtu aone," anasema. "Wangapi hawakosei mara ya kwanza? Ila mwanamke akikosea, wanataka aache. Mwanamume akikosea, wanamwazima nyundo."

Gurvinder anakohoa kidogo ndani ya kikombe.

Safari hii amejaza matundu yote kwa udongo laini wa watoto kuchezea, akabandika utepe, akapaka rangi ya viatu mara mbili. Sasa anafungua skrubu ya kwanza. Ya pili. Anachukua nyundo ya mpira na kugonga chini ya mtutu, polepole.

Kimya.

Anagonga tena. Chuma kimetulia kama mgeni asiyejua kuaga. Gurvinder anatazama dari. Njoroge anachungulia mlangoni.

"Mama Angeline, nitoe samaki?" anamwuliza mkewe.

"Njoroge, rudi sebuleni."

Gurvinder anaweka kikombe chini, anaanza kuinuka.

"Mzee, keti."

"Unagonga mbele mno. Utavunja mbao."

"Ni mbao ya nani?"

Fundi anakaa. Moraa anageuza bunduki na kushika kitako kwa mkono wa kushoto, vile anavyoshika kisigino cha mgonjwa. Anagonga mara moja, karibu zaidi na mwili wa chuma. Kunasikika mlio mdogo, kama wa kijiti kikavu kinachovunjika, na chuma kinanyanyuka.

Ndani, gundi inang'aa kama sahani iliyooshwa. Gurvinder anaweka miwani, anapitisha kidole taratibu, anasimama mahali pamoja.

"Hapa pana tundu la hewa."

"Naliona."

"Kwangu usingeliona."

"Kwako ningelipa ili nisilione."

Mzee anacheka mpaka chai inamwagika. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa haki, anasema tundu hilo halitadhuru kitu, kazi imeshika. Anasema pia kwamba yeye angeimaliza kwa uzuri zaidi, na Moraa hambishii.

Jumapili alasiri, klabuni. Nahodha, Fiona, anagawa karatasi mbili mbili, risasi kumi kwa kila moja. Moraa analala kifudifudi. Karatasi yake ya kwanza inarudi na matundu yameng'ang'aniana katikati, unaweza kuyafunika kwa shilingi ya Kenya. Gurvinder, ambaye alisema hatakuja, yuko nyuma amekunja mikono.

Karatasi ya pili inarudi na tisa katikati na moja imetoroka juu, peke yake.

Oliver amemshinda kwa pointi moja.

Fiona anainama na kumuuliza kwa upole kama bunduki imelegea. Watu wamesikia habari za gundi, na kisingizio kiko tayari mezani, ni kukiokota tu.

"Bunduki haina kosa," Moraa anamjibu. "Nilivuta pumzi. Hiyo ni yangu."

Nje, wakifunga mizigo garini, Gurvinder anamwambia kwa sauti ya chini kwamba karakana yake ina meza ya ziada siku za Jumamosi. Anayetaka kujifunza kumaliza kazi vizuri hatalipishwa. Moraa anasema atakuja, ila kitako hiki hakiguswi na mtu.

Uchaguzi mwingine ni majira ya kuchipua. Mpaka wakati huo atakuwa akilala kifudifudi sebuleni kila jioni akijizoeza pumzi, na Njoroge amekwisha ambiwa atamruka.

Anafunga buti la gari.

"Mwambieni Oliver akae kwenye nafasi hiyo," anasema. "Lakini koti asivue."