Msogeza Maneno

Siku ya kwanza alipofika kwenye kituo cha televisheni, mlinzi wa getini alimwelekeza mlango wa wafanya usafi. Hakumlaumu. Mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mfuko wa plastiki mkononi na fomu za chuo ndani yake, nani angedhani ni mwanagenzi? Wenzake wanne waliokuja kujifunza kazi siku hiyo walikuwa rika la watoto wake. Na watoto wake walikuwa pacha, ndiyo maana tangu mtaani hadi chuoni hakuna aliyemwita kwa jina jingine ila Mama Pacha.

Alikuwa amepiga chapa miaka kumi na sita katika ofisi ya mawakili, mpaka mawakili wenyewe walipojua kuchapa. Hakulia, au alilia siku moja tu, kisha akajiandikisha chuo cha jioni, kozi ya utayarishaji wa vipindi. Kila alipofungua daftari mezani, pacha wake, binti na kaka yake, wote wa sekondari, walimuuliza kama mwalimu amemchapa. Sasa lilibaki sharti moja: miezi mitatu ya kujifunza kazini, na fomu ya tathmini iliyojazwa na bosi wa huko. Fomu ikiwa mbaya, cheti hakuna.

Kipindi alichopangiwa kilikuwa cha asubuhi, kinachoanza saa kumi na mbili kamili. Bosi alikuwa mwongozaji wa kipindi, mwanamke mwembamba aliyempita Mama Pacha kwa cheo na kupitwa naye kwa miaka kumi, mwenye kutoa amri tatu kwa pumzi moja. Watu walimwita Kamanda, naye aliitika. Wiki mbili za mwanzo Mama Pacha alikunja nyaya, akabandika namba kwenye betri, akawapelekea wageni maji, akajifunza kutembea studioni bila viatu vyake kusikika. Kisha mama aliyekuwa akiendesha kioo cha kusomea akashikwa na uchungu kabla ya siku zake, na Kamanda akatoka mlangoni akauliza nani hapa anajua kuchapa haraka.

Kioo cha kusomea hukaa mbele ya kamera. Maneno hupanda juu yake polepole, mtangazaji huyasoma huku macho yake yakimtazama mtazamaji, na mtu aliye nyumbani hudhani yule bwana ana kichwa cha ajabu. Mwenye kuyachapa na kuyasogeza hukaa chumba cha mitambo, ubavuni mwa mwongozaji, kidude cha kuzungusha kidoleni. Akikimbiza, mtangazaji anatweta. Akichelewa, mtangazaji anabaki mdomo wazi mbele ya nchi nzima. Mama Pacha alikuwa ameandika maneno ya mawakili wakiyatamka kwa mdomo kwa miaka yote ile, akajua mtu huvuta pumzi wapi hata kabla hajaivuta. Siku ya tatu Kamanda alimtupia jicho na kuguna. Fundi wa sauti akamnong'oneza kwamba mguno ule ndio pongezi, asisubiri nyingine.

Mtangazaji mwenyewe aliitwa Sauti. Alikuwa na miaka hamsini na mitano, na ishirini kati ya hiyo alikuwa hewani. Watu walinyoa ndevu kwa sauti yake, walikaanga mayai kwa sauti yake. Hakuwa mtu wa maringo. Alikuwa akiingia kila asubuhi, anasalimia chumba kizima kwa pamoja, anakaa, na kusema, "Mama Pacha, ongeza kidogo." Maana yake, herufi ziwe kubwa kidogo. Mama Pacha alipoanza, mistari saba ilienea kwenye kioo. Wiki yake ya pili kwenye kioo ikawa mitano. Wiki ya nne ikawa mitatu, na mistari mitatu haimpi msomaji nafasi ya kujua kinachokuja.

Hapo makosa yakaanza. Siku moja alisoma kwamba wagomvi watatu wamepitishwa kuwania kiti, badala ya wagombea. Siku nyingine mgeni wao, mhandisi wa barabara, alitambulishwa kama mwandishi wa barabara. Mitandaoni watu walicheka mpaka wakashikana mbavu. Kamanda hakucheka. Alimwita Mama Pacha pembeni akamwambia kwamba mtu aliyesoma miaka ishirini bila kujikwaa hawezi kuanza kujikwaa ghafla, kwa hiyo kasoro iko kwenye kidole kinachosogeza. Mama Pacha alijibu kwamba atajitahidi. Usiku ule alimsikia binti yake akimwambia kaka yake wasimtanie mama kwa muda.

Lakini macho ya Mama Pacha hayakuwa na kazi nyingine ila kumtazama Sauti kwenye skrini kwa muda wa saa tatu kila siku, na alianza kuona. Aliona Sauti akimimina chai kando ya kikombe. Aliona akishuka ngazi za jukwaa kwa kupapasa kwanza na ncha ya kiatu. Asubuhi moja alimwona akikipa heri za asubuhi kigingi kilichotundikwa koti, akasubiri kujibiwa. Basi Mama Pacha akaelewa. Mama yake mzazi aliwahi kusalimia mtungi namna hiyohiyo, mwaka mmoja kabla ya kupasuliwa mtoto wa jicho.

Alimfuata baada ya kipindi, kwenye chumba cha kupaka poda, mpakaji alipotoka. Akafunga mlango.

"Kaka," alisema, "huoni vizuri."

Sauti alipapasa kiti cha pembeni, akakisogeza. Kisha akamwambia akae. Kwa kuwa kumbe mzigo ule ulikuwa umemchosha kuubeba, alieleza yote. Baba yake alipofuka akiwa na umri kama huu wake. Yeye mwenyewe, mtoto wa miaka tisa, ndiye aliyemshikia fimbo na kumtembeza miaka kumi na moja, mpaka wakamzika. Madaktari wa wakati ule walisema ni maradhi ya ukoo. Alipoanza kuona ukungu mwaka jana, alijua zamu yake imefika. Hospitali alikuwa hajakanyaga, kwa nini aende kuambiwa anachokijua?

Mama Pacha alimweleza habari za mama yake, jinsi alivyofunguliwa jicho na sasa anatunga uzi kwenye sindano. Sauti alitikisa kichwa. Lake ni la urithi, alisema, si hilo. Akamwomba amsitiri hadi mwisho wa mwaka, mkataba wake uishe kwa heshima. Mama Pacha alikumbuka kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, lakini si methali ya kumtupia mtu mzima aliyekushika mkono akikuomba. Akakubali. Tangu siku ile alifika saa kumi alfajiri, akamsomea habari zote mara mbili mbili, na Sauti akazikariri. Makosa yakakoma. Kamanda akaguna tena. Mama Pacha naye hakuwa na raha, alikuwa kama mtu aliyekalia yai.

Wiki ya tisa ya mafunzo, katikati ya kipindi, karatasi iliingia mbio kutoka chumba cha habari. Bomba kuu la maji lilikuwa limepasuka usiku na maji machafu yameingia. Mama Pacha aliichapa ndani ya dakika moja na kuipandisha kwenye kioo, akijua kwamba habari hii Sauti hakuwa ameisikia kamwe. Kamanda alimwambia Sauti, kupitia kipokezi cha sikioni, kwamba kuna taarifa ya dharura, asome kioo.

Kwenye skrini Mama Pacha alimwona akikaza macho. Akasoma taratibu, kwa ile sauti ambayo watu waliiamini kuliko saa zao.

"Wakazi wa jiji wanatangaziwa kwamba maji ya bomba yanywewe—"

Kioo kilisema yasinywewe. Ni silabi moja tu. Mama Pacha aliwaona akilini watu asubuhi hiyo wakijaza glasi, na wanawe wawili kati yao.

"Amesema nini huyu?" Kamanda aliruka kitini. "Mama, umeandika nini?"

"Nimeandika sawa. Haoni, bosi. Macho yake hayaoni. Nipe kipaza sauti."

Kamanda alimtazama kwa muda wa kufumba na kufumbua. Kisha akakisukuma kipaza sauti mbele yake na kumshika mkono akaubonyeza kwenye kitufe.

"Kaka, ni mimi," Mama Pacha alisema sikioni mwa Sauti, polepole, kama alivyokuwa akimsomea alfajiri. "Sema: narudia. Maji ya bomba yasinywewe. Yasinywewe kabisa."

Sauti alipepesa mara moja. "Narudia," alisema. "Maji ya bomba yasinywewe. Yasinywewe kabisa."

Wakaenda hivyo, yeye akitangulia nusu sentensi na mwenzake akifuata: hata yaliyochemshwa yasitumike, magari ya maji safi yatasimama kwenye shule zote za msingi, namba ya simu ni hii. Kwenye namba karatasi ilikuwa imekunjika, na Mama Pacha akasema, "Ngoja." Sauti, aliyekuwa akirudia kila kitu, akaiambia nchi nzima, "Ngoja." Fundi wa sauti aliuma kola ya shati lake asicheke. Mama Pacha alikunjua karatasi, akasoma namba tarakimu moja moja, mara mbili, na Sauti akaisema mara mbili bila kukosea. Kamanda akaweka tangazo la biashara. Chumba kizima kikashusha pumzi kwa pamoja.

Baada ya kipindi wote wawili waliitwa ofisini. Njia nzima Mama Pacha aliona fomu yake ikichanwa, na lililomuuma zaidi halikuwa fomu. Alikuwa ametoa siri ya mtu. Alianza kumwomba radhi ukumbini, lakini Sauti alimkatiza, akasema angemsamehe vipi mtu aliyemzuia kulinywesha jiji uchafu. Aliingia mbele yake, akapapasa fremu ya mlango wazi wazi bila kujificha, na kabla Kamanda hajafungua mdomo akasema yote mwenyewe, na ya baba yake pia.

Kamanda alisikiliza hadi mwisho. Alipozungumza, alizungumza chini, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisikia.

"Wiki nzima nimemsema mama huyu kwa kosa lisilo lake, na wewe umenyamaza?"

"Nilinyamaza," Sauti alisema. "Niliona aibu kuliko nilivyoona haki."

"Basi kesho huji kazini. Kesho unakwenda hospitali, na usinirudie bila karatasi ya daktari." Akamgeukia Mama Pacha. "Na wewe, siku nyingine ukiona kitu cha namna hii, niambie mapema. Mimi nafoka, siumi."

Sauti aliomba Mama Pacha afuatane nao, yeye na mkewe, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na habari za kupasuliwa jicho. Kumbe mkewe alikuwa anajua siku nyingi. Walipokaa kwenye benchi la hospitali alimweleza Mama Pacha kwamba mume anayevaa soksi moja ya bluu na moja ya kahawia, kisha akajisifu mbele ya kioo, hana siri tena nyumbani. Alikuwa akisubiri tu aseme mwenyewe, na kila usiku alikuwa akiondoa viti njiani.

Daktari, kijana mwenye mikono midogo, alimulika jicho la kulia, akamulika la kushoto, akapima presha ya macho, akarudia. Ilichukua muda mrefu. Mke wa Sauti alikuwa ameshika mkono wa Mama Pacha na hakujua ameushika. Mwishowe daktari akazima taa yake akasema si maradhi ya baba. Mishipa ya macho ilikuwa salama. Ni mtoto wa jicho, tena kila jicho na wake, wamekomaa kama maembe, na wiki ijayo anaweza kuanza kuwatoa, jicho moja baada ya jingine, upasuaji usiozidi nusu saa.

Sauti alikaa pale, mikono magotini. Mwaka mzima alikuwa amejizika. Machozi yalimtoka kimyakimya, kisha mabega yakaanza kumtikisika, na walipomwinamia wakaona anacheka.

"Mama Pacha," alisema, "hata mimi nimezaa pacha."

Mkewe alicheka akalia, daktari naye akacheka bila kujua kwa nini.

Alirudi hewani baada ya wiki nne, siku nne kabla Mama Pacha hajamaliza. Alisimama mlangoni mwa chumba cha mitambo akawatazama mmoja mmoja kama mtu aliyetoka safari, akamtazama Mama Pacha kwa muda.

"Kumbe wewe ni mwembamba hivyo? Sauti yako sikioni ni ya mtu mnene."

Kisha akaenda kukaa, akaomba herufi zipunguzwe, zikapunguzwa tena, na akasoma habari zote za asubuhi ile bila kubabaika, huku Mama Pacha akizungusha kidude chake na kwa mara ya kwanza tangu wiki ya nne hakuyakunja mabega yake.

Ijumaa Kamanda alimkabidhi fomu ndani ya bahasha, bila neno. Mama Pacha hakuifungua ndani ya jengo, hakuifungua njiani. Alifika nyumbani saa nane mchana, akaiweka mezani, akawaambia watoto waisome wao, yeye macho yake yamechoka. Akakaa kwenye kiti kirefu. Binti alisoma kwa sauti: mahudhurio, mazuri sana, ujuzi, mzuri sana, usikivu, na hapo mwongozaji alikuwa amekata maksi za zamani kwa kalamu nyekundu, akaandika nyingine za juu zaidi, na kutia saini pembeni. Chini kabisa kulikuwa na mstari mmoja kwamba yule mama aliyejifungua amepata kazi kwingine, na nafasi ya kioo iko wazi kuanzia mwezi ujao, mhusika akiitaka.

"Mama, unaitaka?" kaka mtu aliuliza.

Hakujibiwa. Mama Pacha alikuwa ameshalala, mdomo wazi kidogo, mkoba bado begani. Binti akapiga magoti akamvua viatu, mmoja, halafu wa pili, na kaka yake akaenda kufunga dirisha, kelele za mtaani zisimfikie.