Watu Wawili kwa Namba Moja

Wasomaji wa safu yangu, juzi tulimzika fundi mmoja wa mtaa wa Kampemba ambaye wengi wenu hamkumjua, na tangu hapo sina raha. Alikuwa akisuka upya nyaya za mota zilizoungua katika karakana ya kampuni ya shaba, ambako mimi ni karani wa mlangoni, naandika namba ya kila anayeingia na kutoka. Kifua kilimsumbua muda mrefu, akaondoka kimya kimya. Wasiwasi wangu hauko kwake tena, uko kwa mtu aliyemwacha, maana wawili hao walikuwa wakifanya kazi kwa namba moja.

Ngoja nieleze. Jirani yake, ambaye miguu yake ilipooza tangu utotoni, alijifunza kazi hiyo kwa kumtazama, na vidole vyake vikawa vyepesi kuliko vya mwalimu wake. Ofisi ya ajira ilimwangalia miguu, ikamrudisha nyumbani kila alipokwenda. Basi fundi akaikata siku yake katikati: asubuhi anafanya yeye, mchana anaketi jirani, na mshahara na unga ambao kampuni hutoa kila mwezi wanagawana. Msimamizi wao alijua akanyamaza. Mimi nami nilijua, nikawa naandika namba ile ile mara mbili kwa siku, ingawa siri ikitoka, wa kwanza kufukuzwa ni mimi.

Siku moja mkaguzi akaja mchana bila taarifa, na fundi alikuwa amebaki kumalizia mota kubwa. Mkaguzi akaita namba zetu moja moja. Ilipofika yao, mikono miwili ikanyanyuka kwa pamoja, kwa mazoea tu!

"Iyi namba ni ya nani?" mkaguzi akauliza.

"Ni ya siye bawili, patron," fundi akajibu. "Asubui ni miye, muchana ni ye. Miguu yake haina nguvu, lakini angalia kazi ya mikono yake."

Mkaguzi akainama, akaitazama mota, akaondoka zake. Tukangoja barua ya kufukuzwa. Haikuja. Tukamshukuru Mungu tukanyamaza, na hapo ndipo tulipokosea. Siku ile ndiyo ilikuwa ya kuomba jina la yule wa pili liandikwe, saa zigawanywe mbele ya macho ya wote. Niliogopa. Siku hizi nani haogopi kuuliza jambo ofisini? Kila asubuhi, kwa amri kutoka juu, tunaimba na kucheza kuisifu kazi, halafu mtu mwenye mikono kama ile anaipata kwa kujificha kama mwizi.

Kwenye matanga mjane wa fundi alinionyesha kadi ya kazi yenye namba ile, ambayo ofisi inataka irudishwe Jumatatu. Jirani alikuwa kando yetu, juu ya baiskeli yake ya magurudumu matatu.

"Yaya," akaniambia, kama anavyomwita kila mkubwa wake, "iyo lundi, kadi ikirudi, nitaingia na namba ya nani?"

Aibu ilinishika. Nimechelewa kujifunza kwamba ukimgawia mtu saa zako bila jina lake kuandikwa, umemwazima tu, na siku ukifa unaondoka nazo. Kwa hiyo naandika barua kwa wakubwa, kuomba jirani apewe namba yake mwenyewe, ingawa bado naogopa. Safu hii haitaji majina ya watu. Barua itakuwa na mawili, la jirani na langu.