Aliyeandikwa Hayupo

Afisa aliyenihoji pale Kasulu hakuniuliza hata swali moja la uuguzi. Cheti changu, nilichokipata hospitali ya misheni baada ya miaka mitatu ya kuamka kabla ya kengele, alikigeuza nyuma, akakitazama upande usio na maandishi, akakirudisha mezani. Kisha akaniuliza, "Kiha unakijua?"

"Nakijua, mzee."

"Cha nyumbani, au cha kusalimiana sokoni?"

"Cha nyumbani."

Haukuwa uongo mtupu. Mama yangu alinibembeleza kwa Kiha. Lakini tangu darasa la kwanza nililelewa bwenini kwa watawa, na Kiha changu kilibaki na umri wa miaka saba. Kilijua kuomba uji, kilijua kulia, kilijua kumsalimia bibi. Mambo ambayo mwanamke hufundishwa akishakaribia kuolewa hakikuyajua, na mimi sikujua kwamba yapo.

Barua ya ajira ilikuja baada ya miezi mitano, wakati nimeshakata tamaa. Nimechukuliwa na serikali, niripoti Kibondo, mwaka wa kwanza ni wa majaribio. Mama aliisoma kwa kidole, neno kwa neno, akaibeba hadi kanisani Jumapili. Watu walinipa mkono kana kwamba nimefunga ndoa. Hakuna aliyeliona lile neno majaribio ila mimi. Maana yake ni kwamba mpaka nitakapothibitishwa kazini, mstari mmoja tu wa mkubwa wangu ungetosha kunirudisha kwa mama na sanduku langu.

Nilifika Kibondo juu ya magunia ya maharage, asubuhi ya ukungu, magauni meupe mawili yamekunjwa kifuani yasipate vumbi. Njia nzima nilikuwa naiona wodi: vitanda vimepangwa, mashuka yamebana pembeni, mimi napita katikati na taa. Matroni, mama mfupi wa Bukoba mwenye sauti ya chini, alinipitisha mlango wa wodi bila kusimama. Akanipeleka chumba cha nyuma, akaniwekea mbele sanduku la mbao lililojaa kadi.

"Wodini nina watu," alisema. "Nje sina mtu. Hawa ni wa kifua kikuu. Wanaanza sindano, wakipata nafuu kidogo wanarudi shambani, na ugonjwa unarudi nao. Wewe utawafuata. Mgonjwa anaishi wapi, anakula nini, nani anamtunza, sindano ngapi amezikosa na kwa nini. Kadi ya mtu ikishakuwa mkononi mwako, mtu huyo ni wako mpaka apone au afe. Unaelewa?"

"Ndiyo, matroni."

Sikuelewa. Nilisimama pale nikitazama baiskeli iliyoegemezwa ukutani. Nilisomea kushika watu. Nilipewa karatasi.

Wauguzi wa wodini walinipa jina kabla ya wiki kwisha. "Bibi Kadi! Leo umemkamata nani huko porini?" "Bibi Kadi, ukimpata mchumba huko, naye muandikie kadi, asitoroke!" Nilicheka nao. Jioni nilisafisha tope jekundu miguuni na kuhesabu miezi.

Kazi yenyewe ilikuwa na kanuni moja ngumu. Mwisho wa mwaka wangu wa majaribio, matroni angelifungua sanduku. Kila kadi ilitakiwa iwe na habari: anaendelea, amepona, amefariki, hayupo. Kadi isiyo na kitu ilikuwa ushahidi dhidi yangu. Na huo ulikuwa mwaka ambao watu walihamishwa kwenda vijiji vipya. Ungepanda kilima ukakuta nyumba zimetolewa mapaa, migomba inanyeshewa peke yake, jivu la jikoni limeshikana kama udongo. Nusu ya majibu niliyoyapata yalikuwa yale yale: amehama. Mwanzoni neno hilo lilinisikitisha. Baadaye lilinipumzisha. Ukiandika hayupo, kadi imekwisha; unageuza baiskeli.

Ndivyo ilivyokuwa siku ile, upande wa Busunzu. Nyumba ilikuwa na paa, na moshi ulikuwa unatoka. Mwanamke wa rika langu alikuwa anapukuchua maharage uani, mtoto mgongoni. Nilisimama na baiskeli yangu, gauni jeupe, kofia kichwani, nikatoa kadi, nikasoma jina la mgonjwa kwa sauti, lote, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Nikauliza kama yupo.

Mikono yake ilisimama. Hakunitazama. Aliinuka, akachukua kigoda, akakifuta kwa upande wa kanga, akakiweka karibu na mlango.

"Kaa kwanza, sista."

"Sikai, dada. Nina nyumba tatu bado, na mvua hiyo. Yupo au hayupo?"

"Kaa, unywe hata maji."

"Nakuuliza, mtu huyu yupo?"

Alikitazama kigoda. "Mtu wa jina hilo mimi simsemi," alisema kwa sauti ndogo.

"Amehama?"

Akakisogeza kigoda karibu nami. Niliuliza tena, nikiwa nimeshafungua kalamu. "Amehama, siyo?"

"Haya," alisema.

Nikaandika: Hayupo. Mwanamke aliyepo hamjui. Amehamia kijiji kipya. Mwandiko ulikuwa mzuri. Nikapanda baiskeli, mvua ikanikuta njiani, nami nikawa naimba.

Ilipita miezi minne. Zilikuwa zimebaki siku tisa mwaka wangu wa majaribio uishe. Nilikuwa mapokezi, nyuma ya karani, natafuta kadi tupu kwenye kabati. Wanaume wanne walileta machela, wakaiweka barazani, wakaenda bombani kunywa maji. Juu yake palikuwa na mzee aliyekonda hadi ungedhani blanketi limetandikwa juu ya fito. Mwanamke aliyefuatana nao aliingia ndani. Karani wetu alikuwa mtu wa Tanga, mtani wa kila mtu.

"Jina la mgonjwa, mama."

Mwanamke akageuka kuitazama machela.

"Mama, jina."

"Ni mgonjwa," alisema yule mwanamke.

"Hilo naliona. Sikudhani umemleta kucheza ngoma. Anaitwa nani?"

Watu kwenye benchi wakacheka. Mwanamke aliinamisha kichwa.

"Mnakaa nyumba moja?"

"Uani kwake."

"Unampikia?"

"Kila siku."

"Na jina lake hulijui! Jamani, njooni muone. Mtu anakula ugali wake mwaka mzima, naye hajauliza anamlisha nani!"

Kicheko kikazidi. Mmoja wa wabebaji akaja mlangoni, anajifuta jasho. "Muache, bwana," alisema. "Huyo mzee ni baba wa mume wake. Kwetu mke hamtaji baba mkwe wake. Hata umpige, hamtaji." Kisha yeye akalitaja jina, lote.

Nililijua kabla hajalimaliza. Nililijua kama mtu anavyojua sauti yake mwenyewe. Nilifunga kabati bila kuchukua kadi. Mwanamke aligeuka. Akanitambua.

Nilimfuata barazani. Sikuwa na neno la kuanzia, nikaanza na baya.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia."

"Ulisema humjui!"

"Sikusema simjui. Nilisema simsemi." Hakuwa na hasira. Alisema polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Ulinitajia jina la baba mkwe wangu, mlangoni pake, anasikia. Nilitaka ardhi inimeze. Nikakuwekea kigoda. Mgeni akikaa, mwenye mji hutoka mwenyewe kumsalimia. Ungekaa tu, sista. Angetoka."

"Mume wako je?"

"Yuko Tanga, mkongeni. Mwaka wa pili." Akamtazama mzee. "Mama mkwe alishakufa. Hapo nyumbani ni mimi na yeye. Nani mwingine angekujibu?"

Mzee alikuwa macho. Alinyoosha kidole kimoja, nikapiga magoti kando ya machela. Nikamsalimia, "Mwakeye," kwa sauti ya mtoto wa miaka saba, kwa sababu sikuwa na nyingine.

"Nilikusikia siku ile," alisema kwa Kiha. Kila neno lilimgharimu pumzi. "Nilikuwa nyuma ya mlango. Nikasema, huyu anayemtajia mkamwana jina langu, huyu hakuja kwa wema. Nikadhani umekuja kutuhamisha. Nikabana kikohozi mpaka ukaondoka."

Kikohozi chenyewe kilimshika pale pale, na kitambaa alichoweka mdomoni kilirudi chekundu.

Siku ile nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwake. Hatua nne, na ubao wa mlango. Yeye akibana pumzi nisimsikie, mimi nikiandika kwa mwandiko mzuri kwamba hayupo.

Wakampeleka wodini. Nilipoandaa sindano ya kwanza akaniona, akageuza uso ukutani. "Mwingine anidunge," alimwambia muuguzi wa zamu. Nikaweka trei chini, nikatoka.

Chumba cha nyuma nilijifungia. Nilitaka kuitoa kadi yake tu. Hakuna aliyejua. Karani alikuwa ameshamfungulia kadi mpya, na mpya na ya zamani hazikuwa na sababu ya kukutana kama mimi nisingezikutanisha. Jikoni moto ulikuwa unawaka. Siku tisa, barua, mama yangu na kidole chake. Niliishika ile kadi, na kama ningekuwa mwepesi zaidi wa miguu hadithi hii ingeishia jikoni.

Lakini macho yangu yakaangukia kadi iliyokuwa nyuma yake. Hayupo. Mwanamke aliyepo hamjui. Nikaitoa iliyofuata. Hayupo; mke wa mwanawe anasema hapana mtu kama huyo. Iliyofuata. Iliyofuata. Nilizitandaza sakafuni, nikaanza kuelewa, maana mchana wanaume wako mashambani au wako mbali mkongeni, na anayebaki uani ni nani? Ni mwanamke aliyeolewa hapo. Mwaka mzima nilikuwa nimepita kilima hadi kilima nikiwauliza wanawake swali pekee ambalo hawawezi kulijibu, kisha nikichukua aibu yao kuwa jibu. Wangapi walikuwa wamehama kweli? Wangapi walikuwa nyuma ya mlango, wamebana pumzi? Nilikaa katikati ya kadi zangu kama mtu aliyeamka akakuta amelala makaburini.

Nilizikusanya zote kwenye gauni langu, nikaenda kwa matroni.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Fomu yangu ya kuthibitishwa ilikuwa mezani kwake. Niliisoma ikiwa imegeukia kwake wakati naongea, nafasi ya sahihi bado tupu.

"Nani mwingine anayajua haya?" aliuliza.

"Hakuna, matroni."

Alichukua kadi moja, akaisoma, akachukua nyingine. "Mimi ni mtu wa Bukoba," alisema. "Kwetu tuna miiko yetu. Ya hapa ningeijuaje? Nisingeliuliza hili kwa miaka kumi. Wewe uliletwa kwa sababu ungejua."

"Sikujua."

"Ulisema unajua."

Alivuta mtoto wa meza, akaiweka fomu ndani, akafunga kwa ufunguo. Mlio wa ule ufunguo niliusikia mpaka kwenye meno.

"Sitaandika ufukuzwe," alisema. "Lakini siwezi kuandika kwamba umeiweza kazi. Miezi sita mingine. Mwisho wake, kila mmoja kati ya hawa nataka kujua aliko. Umwone kwa macho yako au uone kaburi lake. Usiniletee neno la mtu."

"Na wodi, matroni?"

Niliropoka. Sijui mpaka leo kwa nini niliuliza hilo saa ile. Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Binti yangu," alisema, "hawa unawaacha kwa nani?"

Kesho yake mwenzangu aliyenitangulia kuajiriwa kwa wiki mbili alisomewa barua yake ya kuthibitishwa, na vigelegele vilivuka uwanja mzima. Nilivisikia nikiwa natia upepo baiskeli. Hakuna aliyeniita Bibi Kadi asubuhi ile, nadhani walishajua. Nilivua kofia nikaiacha msumarini. Kadi niliziweka chini kabisa ya mfuko.

Nyumba ya kwanza ilikuwa mwendo wa saa mbili. Mwanamke mwenye mimba kubwa alikuwa anaanika mihogo. Nilimsalimia, nikamwambia natembea na nimechoka. Alinipa kigoda, nikakaa. Tuliongea habari za mvua, za panya, za chumvi kuadimika dukani. Sikutaja jina. Kivuli cha nyumba kilinifikia miguuni, kikapanda magotini. Mara moja nilidhani nimesikia kitu ndani, kama mtu anayegeuka kwenye mkeka, nikashika pumzi yangu mwenyewe ili nisikie vizuri. Yule mwanamke naye alitazama mlango, kisha akatazama mihogo yake.

Hakutoka mtu. Jua lilipoinama niliaga, nikasema nitapita tena.

"Lini?" aliuliza.

"Kesho," nikasema, na kesho yake nikaenda.